Mama Kanada wa Musienene

Siku Syauswa alipomwona Jokébed Kavuo kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amebeba koti la mitumba nene kama godoro, na hakutaka lishonwe. Alitaka lifumuliwe. Syauswa alikuwa na cherehani yake barazani pa duka moja katika soko la Butembo, na hakuwahi kupata mteja wa kulipia nguo iharibiwe. Alitamani kuuliza sababu, lakini alikuwa mtu ambaye hata bei yake mwenyewe aliinong'ona.

Kavuo alieleza bila kuulizwa. Alikuwa mjane, muuza maharage kutoka Musienene, na katika chuo kikuu cha mjini, kati ya vijana wa rika la watoto wake, alisomea mambo ya Kanada: hadithi zao, historia yao, na jinsi watu wa kule wanavyojijua kuwa ni nani.

"Nilisha kusoma ju ya baridi yabo mpaka kichwa inaniuma," alisema, "na bado siielewe. Labda iko ndani ya koti. Pasua."

Syauswa akapasua. Manyoya ya bata yakatoka kwa fujo, yakatua juu ya makayabu ya mama Virginie, aliyekuwa akiuza samaki wake wa chumvi hapo jirani. Virginie akautukana ukoo mzima wa Kavuo kwa Kinande safi. Kavuo aliokota unyoya mmoja, akautazama, akasema kwamba watu wanaovaa bata ili watoke tu nje ya nyumba wahurumiwe kwanza, ndipo wasomwe.

Tangu hapo soko lote lilimwita Mama Kanada, wengine kwa kumkejeli. Hakujali. Akishauza magunia yake, alikaa kwenye benchi la Syauswa akisoma kwa sauti, fundi akikanyaga cherehani. Hivyo Syauswa, aliyeishia shule ya msingi, akaujua ugomvi wa Kanada kuliko ugomvi wa majirani zake.

Kavuo aliupanga ugomvi huo kwa desturi ya kwao. Kwa Wanande, jina la mtoto hutaja zamu yake ya kuzaliwa: Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Basi Kanada, alisema, ni nyumba moja. Wenyeji wa nchi ndio Paluku, yaya wa nyumba, yaani ndugu mkubwa. Wafaransa wakaja wakajiita Kambale, Waingereza wakawa Kasereka. Kasereka akampiga Kambale, kisha wakaishi kwa kununiana, na wote wawili wakasahau kwamba shamba ni la Paluku. Tena wakawachukua watoto wa Paluku, wakawafungia katika shule zao na kuwakataza lugha ya mama zao. Alipofika hapo Kavuo hakutania. Halafu, akasema, wakaanza kuandika vitabu vinene wakijiuliza: sisi ni nani?

"Si baulize Paluku?" akasema Virginie, akifukuza nzi.

Mtu wa kuhofiwa alikuwa Profesa Benoît, aliyetumwa Butembo kutoka mkoa mwingine. Alikwisha kumwambia Kavuo kwamba mtu asiyewahi kuvuka mpaka pale Kasindi afadhali aandike juu ya maharage. Na ni yeye aliyeongoza jopo ambalo mbele yake Kavuo angeitetea kazi yake ya kuhitimu. Akifaulu, shule moja ya wasichana kule Beni ilikuwa imemwekea nafasi ya ualimu. Akishindwa, mjomba wake Éphraïm angemrudisha shambani, kwa maana familia ilichoka kuchekwa. Jumapili ya kabla ya utetezi Syauswa alipiga magoti kanisani asijue aombe nini, kwa sababu Beni au shambani, benchi lingebaki tupu. Mwishowe akamwombea Virginie.

Siku ya utetezi Syauswa alikaa karibu na mlango wa ukumbi wa chuo. Nje walingoja watu wa Musienene na makopo ya poda, maana kwetu anayeshinda masomo humwagiwa poda kichwani, na asiyemwagiwa ni kama hakusoma.

Benoît akauliza: kwa neno moja, Mkanada ni nani?

"Prof, ni mutu mwenye analala mu kitanda ya yaya yake," Kavuo akajibu, "na anaandika vitabu ju usingizi inakatala kuya."

Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Watu wa nje waliposikia makofi waliamini mambo yamekwisha. Mlango ukafunguka, akatangulia Éphraïm, ambaye hakuwahi kuunga mkono hata ukurasa mmoja wa kazi ile, wakammwagia Kavuo kopo zima. Kisha, kwa adabu, wakawamwagia na wenye jopo. Benoît alipata fungu la mkubwa.

Benoît alivua miwani, akaipangusa, akatangaza kwamba kikao kimeharibika na mama atarudi mwakani. Hapo ndipo Éphraïm alipofahamu alichofanya. Akakaa chini sakafuni.

"Prof, kwetu poda haipanguswake," Kavuo akasema polepole. "Ukiniangusha, nitapita soko yote na hii kichwa, na batu batauliza nani alinidanganya. Donc uniulize sasa. Uliza yote yenye unataka."

Mwalimu Jeannine wa jopo, aliyeuficha uso nyuma ya karatasi kwa kicheko, alisema kwamba sheria za chuo hazikatazi poda. Benoît akaketi, akauliza kwa hasira mpaka hasira ikamwishia. Kavuo alijibu juu ya vitabu, juu ya mikataba, juu ya wale watoto wa shule za kufungiwa. Alipewa pointi za kutosha, si za kujivunia. Benoît alimtaka aondoe habari za Paluku katika kazi yake. Kavuo akakataa, naye akachoka kubishana.

Asubuhi ya safari ya Beni, Syauswa alimbebea mzigo hadi kwenye gari. Alikuwa ametunga maneno njia nzima. Yaliyotoka ni "Safari njema", tena nusu yake.

"Kanada haijue hata jina yangu, na miye nilisema ju yake mbele ya batu yote," Kavuo akamwambia akiwa ameketi. "Weye unanijua, Syauswa, na haujasema kitu. Sasa sukuma mulango na nguvu, hii gari iko kichwa nguvu."