Mama Aliyepunga Mkono Ndani ya Tinted

Jumamosi nilikuwa gereji, Soweto ya hapa Mbeya, akaingia kijana na gari lenye vioo vyeusi tii. Mama yake amekaa mbele.

"Fundi, bandua tinted yote."

Fundi akacheka. "Trafiki wamekukamata?"

"Trafiki nabishana nao kila siku. Ni mama." Akashusha sauti. "Nimemtoa kijijini Madibira leo. Njia nzima anapungia watu mkono, hakuna anayeitikia. Mwisho ananiuliza, 'Mwanangu, watu wa huku tumewakosea nini?' Nikashindwa kumwambia kwamba hawamwoni."

Fundi alianza na kioo cha mama. Karatasi ilipobanduka, dada muuza ndizi aliyekuwa akipita alimwona, akakunja goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huku?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyesamehe mkoa mzima.

Kijana akasema hata kioo cha nyuma kisibaki na tinted.

Sheria inataka aliye ndani ya gari aonekane. Miaka yote nilidhani imetungwa kwa ajili ya trafiki. Kumbe inamfaa zaidi mama anayesalimia.