Nzi wa Bafuni Kwangu

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilipoona vijinzi vimejaa ukutani bafuni, sikutafuta ushahidi: ni kuku wa jirani. Jirani yangu hapa Makongeni ni karani mstaafu wa reli, mjane, na tangu watoto wake wahamie Donholm, kuku wake sita ndio anaoshinda akiongea nao. Nikapita mlango kwa mlango, tukakubaliana tukutane Jumapili baada ya kanisa tumwambie awaondoe.

Jumamosi, habari zikiwa zimemfikia, akabisha kwangu, mkononi glasi na kipande cha kadibodi. "Binti yangu, nimekuja kuwaona hao nzi." Nilitamani kumfungia mlango, lakini mtu mzima haachwi nje. Nikampisha.

Akamfunika mmoja kwa glasi, akapenyeza kadibodi chini yake, kisha akaniomba friji. Nzi ndani ya friji yangu, kando ya maziwa! Akanieleza kwa upole kwamba nzi akipata baridi dakika chache hutulia, ndipo picha inatoka safi. Akamweka kwenye sahani nyeupe, akabana lenzi ndogo kwenye kamera ya simu, akazuia pumzi. Ile mikono ya kizee haikutikisika hata kidogo.

Kisha akaikuza picha, akaiweka kando ya nyingine aliyoipiga bandani kwake. Wa bandani ni nzi wa kawaida: mistari minne mgongoni, na mshipa wa bawa umepinda ghafla karibu na ncha. Wangu alikuwa na manyoya mwili mzima, mabawa yamemwinamia kama paa la nyumba. Alikuwa mzuri, wallahi. Nilisahau kwamba nimenuna.

"Huyu hatoki kwa kuku," akasema. "Anazaliwa kwenye utelezi wa bomba la maji machafu."

Akatazama tundu la maji bafuni kwangu, limejaa utelezi, akachomoa lenzi yake. Ningekuwa mimi, ningemsimanga hadi Krismasi. Yeye alinitumia zile picha kwenye simu, akaaga. Nyani haoni kundule, nami nilikuwa nimeonyeshwa langu kwa adabu.

Jumapili tulipokutana, nilisimama wa kwanza, nikaipitisha simu kwa kila jirani. "Hawa nzi wanatoka bafuni kwangu," nikasema, uso unaniwaka. "Mama hana kosa."

Nikageuka kumtafuta. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, kikapu miguuni, na ndani kuku wote sita, miguu amekwisha kuwafunga. Hakuwa ametarajia kwamba ningesema ukweli. Akainama, akaanza kuwafungua mmoja mmoja.