Kofia Tatu za Bi Tausi

Hapa Lamu simu haiingii kwenye harusi ya wanawake. Mlangoni hukaa mtu na kapu, kila anayepita anaiacha yake humo, na asiyetaka kuiacha hurudi kwao. Kamera inayoruhusiwa kuvuka kizingiti ni moja tu, ya Bi Radhiya wa Langoni. Yeye ndiye anayempiga picha bibi arusi siku ya kutolewa nje kuonyeshwa wanawake wenzake, yeye ndiye anayekata na kuunga picha nyumbani kwake, na hakuna mwanamume aliyewahi kuona hata kisigino cha mke wa mtu kwa sababu ya uzembe wake. Ndani ya kabati lake mmefungiwa nywele, mabega na machozi ya nusu ya mji. Wanawake walimwamini kwa kila kitu. Lakini jambo lililomhusu yeye mwenyewe walilijua wote, wakamnyima.

Nitalisimulia kwa hasira, maana sioni sababu ya kulisimulia kwa upole.

Radhiya ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha na macho yasiyokosa kasoro. Hakujaliwa mtoto. Mumewe, Nabhan, hununua kamba kwa wavuvi wa Mkokoni, huko bara, akawauzia wenye hoteli. Huondoka Jumamosi, hurudi Alhamisi alasiri. Na kila Alhamisi Radhiya hufukiza udi, hutunga kikuba cha asumini na mrehani, akakibandika kifuani kama mwari. Majirani wakisikia ule udi huangaliana. Radhiya alidhani wanamwonea wivu.

Alipokwisha kukata tamaa ya kuzaa, alimweka Nabhan kitako akamwambia kwa kinywa chake: "Bwana, ukitaka mke wa pili nambia. Posa nitakupelekea mimi mwenyewe." Nabhan alilia. Aliapa kwamba hataki mwingine, kwamba yeye amemtosha duniani na akhera. Radhiya naye akalia, na tangu siku hiyo akampenda maradufu, maskini ya Mungu.

Mapenzi yake yalikuwa kwenye kofia. Kofia zetu za vito si za kununua dukani ukavaa ukaenda zako. Kila kijitundu hutobolewa kwa mkono na kuzungushiwa uzi, na moja yaweza kukula miezi. Radhiya alimshonea Nabhan moja akaipoteza baharini, akamshonea nyingine. Na mwaka huu, Maulidi yalipokaribia, Nabhan alimletea uzi uliopigwa fundo, kipimo cha kichwa kidogo. "Kuna bwana mmoya wa Chundwa," alisema, "yuataka kofia ya mwanawe, nami nimemwambia hakuna mkono kama wa mke wangu." Radhiya akafurahi kusifiwa ugenini. Akaanza kuishona ile kofia ndogo kwa uangalifu kuliko zote.

Sasa, chama kimoja cha kina mama kilimwomba awafundishe wasichana kazi ya filamu. Aliwafundisha kushika kamera, lakini alichokipenda zaidi ni kuwafundisha kuvunja hadithi vipandevipande ubaoni. Alikuwa amezitazama tamthilia ndefu za ng'ambo, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, mpaka akazijua mishipa yake: hapa mke atapoteza kumbukumbu, hapa atatokea pacha, hapa muziki utapanda na watu watageuka taratibu kana kwamba shingo zimeingia kutu. Msichana hodari kuliko wote alikuwa Afra, binti wa kaka yake. Mama yake Afra, Alawiya, ni wifi, jirani na shoga wa Radhiya. Wawili hawa walikuwa hawafichani siri, au ndivyo Radhiya alivyodhani.

"Filamu ya kejeli," aliwaambia wasichana wake, "ni kitu cha kweli kilichotiwa chumvi. Ukitaka kukijua, fanya kama ng'onda: roweka, osha, itoe chumvi yote, kisha tazama samaki gani amebaki."

Walilishika somo hilo barabara. Walitengeneza filamu yao ya kufungia mafunzo, kejeli ya zile tamthilia, wakaiita *Kofia Tatu za Bi Tausi*. Wakamwomba mwalimu asiione mpaka siku yenyewe. Akakubali.

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, ukumbi wa chama ulijaa wanawake peke yao. Mwenyekiti, Bi Huwaida, alikaa mbele na Alawiya kando yake. Taa zikazimwa.

Bi Tausi alitokea amevaa nywele za katani zilizofika magotini. Aligeuza kichwa mara tatu kwa muziki wa kutisha kabla ya kuchukua kijiko cha chai. Radhiya alicheka mpaka akajifuta macho. Bi Tausi anamshonea mumewe kofia. Mume anaivaa, anasafiri, anarudi kichwa wazi: imechukuliwa na wimbi. Anashonewa ya pili, anarudi kichwa wazi: imeliwa na punda. Ya tatu imenyakuliwa na ndege akahama nayo nchi. Na kila mara Bi Tausi anainua mikono mbinguni na kusema, "Alhamdulillahi, kofia imekwenda, kitwa kimerudi!", na majirani wanaojua kila kitu wanakonyezana. Hapo katikati anapoteza kumbukumbu, daktari anamrudishia kwa kumpiga na mwiko. Mwisho, siku ya Idi, anachungulia dirishani na kuona watu wanatoka msikitini: mzee mmoja na wanawe wawili, wamevaa zile kofia tatu. Ni mkwe na mashemeji wa mumewe, kwa mke wa pili. Bi Tausi anazimia mara tatu, anazinduka, na wake wenza wanashikana mikono wakacheza chakacha.

Ukumbi ulilipuka. Wengine walianguka juu ya wenzao. Radhiya alipiga makofi kwa fahari. Lile neno la kichwa na kofia alilitambua: ni lake, alilisema mbele ya Alawiya mwaka ule Nabhan alipopoteza kofia. Akajiambia, mtoto huyu amenipenda hata ananukuu maneno yangu.

Lakini kitu kimoja kilimkera, kwa sababu kazi ni kazi. Alipanda jukwaani, akachukua kalamu, akaandika mtiririko wote ubaoni, kofia chini ya kofia.

"Mumefanya vyema," alisema. "Mambo yakiwa matatu, la kwanza mtazamaji huliamini, la pili hulitilia shaka, la tatu ndipo hucheka. Huo ndio mpango. Lakini yeo watu wamecheka kofia ya kwanza. Tena mume hajafungua kinywa! Amesimama mlangoni tu, kitwa wazi, ukumbi mzima umeanguka. Kwani?"

Wasichana walimwangalia Afra.

"Mtu hucheka kabla ya mzaha akiwa aijua hadithi. Sasa mumeitoa tamthilia gani? Mimi nimezitazama zote, kofia sijaiona."

Bi Huwaida alikohoa. "Bi Radhiya, wakati umekwenda, tungenywa kahawa."

"Kahawa haikimbii, bibi. Ngoja niwaonyeshe watoto hawa jinsi ya kuitafuta asili." Akageukia ubao na kitambaa. "Tutoe chumvi. Punda si kweli, aondoke. Ndege aondoke. Nywele za katani, daktari, mwiko, hayo ni ya tamthilia. Kofia tatu ni za kuchekesha. Katika kweli moya yatosha. Ngoma ya mwisho ni uongo, wake wenza hawachezi." Alifuta, akafuta, kwa furaha ya mtu anayeijua kazi yake. Kisha akarudi nyuma hatua moja ili asome kilichobaki.

Mke anashona kofia. Mume anarudi kichwa wazi. Anasema wimbi. Mke anashukuru Mungu. Kofia iko kwa baba wa mke wa pili. Wote wanajua.

Alisoma mara moja. Mkono wenye kitambaa ukabaki hewani. Wale wale waliokuwa wakigaragara sasa walikuwa wanatazama mapaja yao. Radhiya aliwatazama mmoja mmoja, kwa yale macho yasiyokosa kasoro. Ndipo alipoona. Hawakuwa wakimcheka Bi Tausi. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe, alikuwa amewaandikia aibu yake ubaoni akawasomea.

Aliweka kalamu chini. Alishuka jukwaani, akaingia chumba cha nyuma. Afra na mama yake wakamfuata.

"Mkokoni?" aliuliza.

"Shangazi..." Afra alianza kulia. "Hatukujua tukuambie vipi. Kila mtu alikuwa anaogopa. Nikafikiri ukiona kwa filamu, wewe mwenyewe utaelewa, hutaumia sana. Wewe ndiye ulitufunza kwamba kejeli inasema ukweli."

"Muda gani?"

"Miaka," alisema Alawiya kwa sauti ndogo. "Wifi, wallahi tulisema tukusitiri."

"Kusitiri!" Radhiya alicheka kwa uchungu. "Kusitiri ni kunyamaza, Alawiya. Au ni kunambia mlango umefungwa, sisi wawili. Muliyaweka kwenye pazia la filamu, mukawaita watu wa muyi. Na vile vicheko? Vile navyo vilikuwa vya kunisitiri? Wewe ulicheka wa kwanza. Nilikuona."

Alawiya alivuta buibui lake usoni. Alikuwa amecheka kweli. Nami nasema wazi, naona afadhali adui anayekutukana sokoni kuliko shoga wa namna hii, anayekula biriani yako Ijumaa na kukupa jina la Bi Tausi Jumamosi.

"Ana mtoto?"

Afra alimtazama mama yake. Kisha akasema, "Mvulana. Tulikuwa tumemwandika, lakini Bi Huwaida akasema tumtoe. Alisema mtoto haingii kwenye kichekesho."

Radhiya alikaa juu ya kreti la soda. Hakuuliza mtoto ana umri gani wala ana kichwa kiasi gani. Kipimo alikuwa nacho nyumbani, uzi wenye fundo, umechomekwa pamoja na sindano zake.

Mke wa pili si haramu, na Radhiya ndiye aliyekuwa tayari kumposea. Kilichomkata maini si mwanamke wa Mkokoni, ambaye hata jina lake hakulijua na hakumchukia. Ni yale machozi ya Nabhan. Mtu alipewa ruhusa mkononi, bure, akaikataa kwa kiapo, kisha akaenda kuiba kilekile alichopewa. Kwa nini? Radhiya alilichambua hilo usiku na mchana, na jibu alilolipata lilikuwa baya kuliko kosa lenyewe. Nabhan alitaka udi wa Alhamisi. Alitaka kurudi kwa mwanamke anayemwamini, amshukuru Mungu kwa kichwa chake. Mke anayejua humwuliza mume maswali. Yeye alimtaka Bi Tausi.

Wasichana walituma ujumbe wa kuomba radhi. Bi Huwaida alileta sinia ya vitumbua na mawaidha juu ya subira. Radhiya alipokea sinia, mawaidha akamrudishia mlangoni. Kisha akakaa, akavaa miwani, akaimaliza kofia ndogo. Mara mbili alichukua mkasi aikate, na mara mbili akauweka. Vijitundu vile vilikuwa vizuri mno, na kichwa kilichosubiri hakikuwa kimemwapia mtu uongo.

Alhamisi ilifika. Hakufukiza udi. Kikuba hakutunga; asumini aliwaachia nyuki. Alikaa kwenye baraza ya daka, mlangoni pa nyumba, kofia ndogo imefunikwa kwa leso pajani.

Nabhan alitokea kwenye kichochoro, kapu la kamba mkononi, anatabasamu. Kichwa wazi. Jumamosi alikuwa ameondoka na kofia yake ya pili, kazi ya karibu mwaka mzima, na sasa paji lake liling'aa kwa jasho. Pengine siku hizi hakuwa akijisumbua hata kubuni kitu kipya. Aliona mkewe anamtazama kichwa, akaweka kapu chini, akainua mikono kama mtu aliyefiwa.

"Radhiya, mke wangu, usinambie kitu," alisema. "Wallahi, yeo baharini..."

Radhiya akacheka.

Alicheka kabla hajafika kwenye wimbi. Alicheka kama walivyocheka wale ukumbini, kwa nguvu, kichwa nyuma, mpaka mlango wa jirani ukafunguka kidogo na kufungwa. Nabhan alibaki na mikono yake juu. Tabasamu lilimkaa usoni, halijui liende wapi.

"Wacheka nini? Hata sijasema."

"Sema, Bwana. Endelea. Nasikiza."

Nabhan alishusha mikono. Radhiya alijifuta machozi kwa upindo wa buibui, akafunua leso, akamwekea ile kofia juu ya kapu la kamba.

"Mpelekee mwanao," alisema. "Nimeipanua kidogo, maana vitwa vya watoto vyakua. Ya kwako mambie babake mkeo wa Mkokoni airejeshe, hiyo ni kazi yangu."

"Nani amekwambia?"

"Nimejiambia mwenyewe. Mbele ya watu."

Akainuka, akaingia ndani, akatia komeo. Nabhan aligonga. Akagonga tena, akamwita kwa majina yote mazuri anayoyajua. Vichochoroni madirisha yalianza kufunguka moja moja, na kwenye dirisha la kwanza kabisa alikuwa Alawiya.