Mzee wa Nyakitonto na Njuga Mfukoni

Leo nimemfokea mzee wa watu, sasa natafuta pa kuficha uso.

Si mnajua kikundi chetu hapa Kasulu kinawatafutia makao mbwa wa Kijerumani walioachwa? Huyu mmoja, Jeki, bwana wake kahamishwa kazi, kamwacha. Tangu aje kajibanza chini ya benchi, chakula hagusi mpaka tutoke.

Asubuhi kaja mzee kutoka Nyakitonto kumchukua.

Hata hajakaa, katoa njuga mfukoni. Ile wanayovalishwa mbwa wa mawindo wasipotee porini.

Nikapanda juu! "Mzee, mbwa wa kuwindia hatutoi!"

Akacheka. (Bora angekasirika, jamani.)

"Sitaki nyama, mwanangu. Miaka ya tisini tulipokimbia Burundi, pale mpakani Kumsenga walikataa mbwa wangu asipande lori la wakimbizi. Nikamwachia mwenyeji mmoja. Nikabaki na hii."

"Sasa ya nini tena, mzee?"

"Mama watoto alifariki. Nyumba imenyamaza. Nataka nisikie kuna anayetembea humo ndani."



Akaitikisa njuga kidogo tu.

Jeki akatoa pua. Halafu kichwa. Halafu akatoka mzima mzima, akaja kuinusa njuga, akatulia akavalishwa.

Hebu semeni, ningemnyimaje?

Nimesimama mlangoni mpaka mlio wa njuga ukapotelea barabarani.

Niliporudi ndani, ndipo nikakisikia kile kimya alichokuwa anakisema.