Zizi Ndani ya Nyumba

Mjukuu wangu wa kike hapa Kibingo alichukua kinyesi cha ng'ombe, akachanganya na majivu, akachora mistari na pembe kali kwenye ukuta wa saruji chumbani kwake, kisha akapaka udongo mweupe na masizi. Baba yake akaja na koleo.

"Mimi nimejenga kisasa, wewe unaniletea zizi ndani!"

Husemea puani hivyo, kama beberu mwenye mafua.

Binti huyo akanikimbilia nyumbani kwangu. "Bibi, njoo uone kabla hajakwangua!"

Niliingia na maneno ya kumcheka, nikajikuta nimeusogelea ukuta. Weupe wa udongo, weusi wa masizi, ukuta kama unapumua! Nimesiriba kuta kwa kinyesi tangu usichana, na sikuwahi kuwaza hivyo.

Nikamwambia mwanangu, "Baba, hilo koleo lipeleke kwangu ukakwangue ukuta wa sebule. Huyu aje anichoree."