Kijumba cha Mwisho Dirishani

Dalali wa milango na madirisha makuukuu alipobisha hodi kwa mshonaji mjane, alishajua kwamba nyumba ingebomolewa mwisho wa mwezi. Mwenye haraka hauzi kwa ubishi. Waliafikiana upesi juu ya kila kitu, isipokuwa dirisha la chumba cha kushonea.

"Hilo subiri, mwanangu," mama alisema. "Lina wapangaji."

Kwenye fremu walikuwa wamejenga nyigu wa matope, na chini ya kila kijumba palikuwa na tarehe ya penseli. Ilikuwa kazi ya marehemu mumewe, mtunza maabara wa shule, kwa miaka tisa. Mama alimweleza dalali kwamba nyigu huyo humchoma buibui akalegea bila kufa, akamtia humo, akamtagia yai, kisha akaziba. Lakini yuko mwingine mdogo, wa kijani king'aacho kama satini, anayengoja mwenye kijumba aende kuwinda. Huingia akataga lake, na buu lake humla mtoto wa mwenye nyumba. Ndiyo maana mzee alikuwa akikaa pale na ufagio, akilinda mpaka kijumba kizibwe. Askari wa nyigu asiye na mshahara, mama alisema, akacheka kidogo.

Kijumba cha mwisho kilizibwa siku mzee alipopelekwa hospitali. Hakurudi. Mama alitaka tu kuona kitakachotoka humo.

Dalali hakuwa mtu wa kulia na wafiwa. Alisema angengoja wiki tatu, mradi aongezewe mlango wa jikoni bure. Mama akakubali papo hapo, na dalali akajilaumu kwa kutoomba na wa chooni.

Siku ya kumi na tisa alipita kuangalia mali yake. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na mama ameketi mbele ya dirisha. Udongo ulikuwa umetobolewa. Juu ya kioo alitambaa mdudu wa kijani, mzuri kupita kiasi.

"Huyu si mwenyewe," dalali alisema.

"Siye. Siku ile teksi ilikuwa inangoja. Akaniambia, dakika tano tu mama watoto, huyu anakaribia kuziba. Nikamvuta mkono."

Mama alifungua dirisha, mdudu akaruka zake.

"Sasa ling'oe," alisema.

Mama alihamia na cherehani yake kwa dada yake. Alilotaka kujua amelijua. Mlango wa jikoni ulipata mnunuzi wiki hiyo hiyo. Fundi wake alipotaka kukwangua vijumba na tarehe kwenye dirisha, dalali alimzuia, akazisoma tarehe zote, kisha akamwambia aendelee.