Karafuu za Mjomba kwa Bei ya Shamba

Siku za kazi nawafundisha vijana wa chuo kimoja Nizwa, hapa Oman, kusoma urari wa malipo, yaani hesabu ya kila kinachoingia nchini na kinachotoka. Nawaambia mpaka koo linakauka: fedha ikivuka mpaka, uliza kwanza imekwenda kufanya nini. Ikiwa imenunua kitu, ni biashara. Ikiwa imekwenda bila kurudisha chochote, ni msaada, nao una mstari wake. Msichanganye.

Halafu Alkhamisi naendesha gari mpaka Ibra kwa mama, na mama anachanganya.

Mjomba ni kaka yake mkubwa, ndiye aliyebaki Pemba na shamba la mikarafuu wengine walipokuja huku. Alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kila tulipompigia simu alikuwa anaona kidogo kuliko mara iliyopita. Na fedha ya upasuaji tulikuwa nayo! Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nilipomwambia tunamtumia, alinijibu kwa upole kabisa:

"Mwanangu, mimi ndiye mkubwa. Mkubwa hutoa, hapokei."

Nikamshauri mama tuitume kimya kimya.

"Atairudisha, na hatosema nasi tena," mama akasema. "Wewe humjui."

Siku zikapita, yeye anapapasa kuta, sisi tunatazamana. Mwishowe mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Tutanunua karafuu zake."

"Kwa fedha yote ile? Mama, hiyo si bei ya kifuko cha jikoni, hiyo ni bei ya shamba!"

"Ndiyo bei yetu. Kaka hapewi, kaka hununuliwa. Khalas."

Tukaenda duka la kubadilishia fedha. Karani akauliza sababu ya kutuma. Nikasema matibabu. Mama akanirukia mbele za watu: "La! Karafuu!"

Nilimweleza kwa Kiswahili, nimekunja uso, kwamba majibu haya hukusanywa, na kuna watu kama wanafunzi wangu watakaoyasoma na kuamini kwamba kuna bibi Ibra ananunua karafuu kwa bei ya dhahabu.

"Na waamini. Kwani watakuja kuzinusa?"

"Ni uongo, mama."

"Yeye si analeta karafuu? Uongo uko wapi? Na risiti ataitaka, mkewe amsomee."

Karani alikuwa anangoja, na nyuma yetu foleni imeanza kuguna. "Bidhaa," nikamwambia. Mimi, ninayewakata vijana maksi kwa kosa hilohilo.

Nilidhani yamekwisha. Wapi! Mjomba akasema hagusi fedha ya mtu kabla mzigo haujafika. Basi jicho likangoja tena, mpaka jirani yetu mmoja aliyekwenda kutembea Pemba akarudi na kifuko. Mama akakimimina kwenye sinia. Nusu ilikuwa makonyo, vile vijiti ambavyo karafuu huchumwa navyo, pamoja na majani na vijiwe. Mke wa mjomba alituambia kwenye simu kwamba mumewe alikataa kusaidiwa kuzichambua. Mali ya kuuza, alisema, huchambuliwa na mwenyewe.

"Tumelipa bei ile kwa makonyo!" nikapiga kelele.

Mama alichukua simu. Alimpigia kaka yake. "Mzigo umefika, kaka. Karafuu safi, mashaallah." Ijumaa akatupikia pilau nazo, nikawa natoa vijiti kwenye meno na kulalamika kila tonge.

"Kula," akasema.

Mjomba akapasuliwa. Miezi ilipita, nikaanza kusahau ghadhabu zangu, hata siku moja nikamkuta mama ameweka juu ya meza kifuko kingine cha karafuu kutoka kwa mjomba. Hatukukiagiza. Hatukukilipia. Nikauliza, sasa hiki nacho nikiweke mstari gani? Mama aliendelea kukunja nguo.

Nikazimwaga kwenye sinia ile ile, nitafute makonyo nimwoneshe. Nilizipekua kwa vidole, nikazigeuza, nikaisogeza sinia dirishani kwenye mwanga. Kila karafuu ilikuwa nzima, na kichwa chake.

"Unatafuta nini?" mama akauliza.

"Hakuna konyo hata moja, mama."

Aliacha nguo, akaivuta sinia mapajani, akaanza kuzipitia moja moja, huku machozi yanamtoka.